Kitako cha Sanamu Ndogo Kifinyangwe kwa Nyenzo Gani?

SWALI: Ndugu mhariri, nilifinyanga kwa plastisini kitako cha sanamu ndogo, cha mviringo, chenye kipenyo cha milimita 32, kisha nikakimiminia silikoni ili nipate kalibu ya kusubia nakala za resini. Baada ya siku mbili silikoni ilikuwa imeganda upande wa nje, lakini palipogusa plastisini ilikuwa bado inanata. Nitumie nyenzo gani?

JIBU: Ndugu msomaji, ufinyanzi wako hauna kosa, tatizo ni kwamba plastisini nyingi huwa na salfa, na salfa huizuia silikoni ya kichocheo cha platini isigande pale zinapogusana. Mimi pia niliwahi kupoteza kazi ya majuma matatu kwa sababu hiyo hiyo, na bado naikumbuka kwa uchungu. Silikoni ya kichocheo cha bati haidhuriwi na salfa, ila kalibu yake husinyaa kidogo kadiri muda unavyopita. Kwa hiyo amua kwanza utatumia silikoni ipi, ndipo uchague cha kufinyangia.

Kwa kitako, ambacho ni lazima kiwe na ukingo ulionyooka na chini pawe bapa kabisa, napendelea dongo la epoksi la sehemu mbili kama Milliput, ambalo huchanganywa nusu kwa nusu, hukauka kwa saa chache bila moto, na hukubali msasa na kisu. Green Stuff, dongo jingine la epoksi la sehemu mbili, hubaki na unyumbufu, hivyo hufaa kwa mapambo ya mizizi na majani, lakini haipigiki msasa vizuri, nami siitumii kwenye ukingo. Udongo wa polima, kama Super Sculpey, hukuachia muda wote unaoutaka mpaka uuoke kwa nyuzi joto 130 hivi. Hata hivyo, usiutumie ikiwa utasubu madini kwa kalibu ya mpira unaopikwa, kwani joto na shinikizo la kuupikia mpira huweza kuupasua udongo huo.

Ukipamba kitako kwa magome ya mti au kizibo, vitu hivyo hufyonza silikoni na kung'ang'ania kalibu, kwa hiyo vipake shelaki, aina ya vanishi, mara mbili kwanza. Vua pia glavu za mpira wa asili, kwa sababu nazo huizuia silikoni ya platini. Epoksi nyingine huwa na kemikali ziitwazo amini, ambazo huleta kasoro hiyo hiyo; kabla ya kumimina, dondoshea tone la silikoni upande wa chini wa kitako, usubiri ligande.