Usikimbilie kupanda mikoko, kwanza dai kilichoharibu kiondolewe

Jamani hizi picha za watu kwenye tope na miche ya mikoko, fulana mpya, halafu ukipita baadae yote imekauka, huwa zinaniuma sana, manake mara nyingi shida si miche, shida ni maji hayafiki tena.

Kwetu huku pwani ya Kenya mkandarasi alimwaga kifusi pale kijito kinapopitia, milango ya maji ikaziba, mililana, aina mojawapo ya mikoko, ikaanza kufa imesimama. Kikundi chetu tukakubaliana hakuna kupanda mche wowote mpaka kifusi kitoke, na nawashauri mfanye hivo hivo.

Ile sheria ya mazingira ya 1999, EMCA, kifungu cha 108 kinaipa NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa, nguvu ya kutoa amri ya kurejesha mazingira, yaani aliyeharibu analazimishwa kuparudisha karibu na palivyokuwa. Kwa hiyo kwenye malalamiko usiandike tu "achukuliwe hatua", maana watampiga faini, pesa inaenda serikalini na kijito kinabaki kimeziba vile vile. Andika unachotaka: kifusi kitolewe, kalvati iwekwe, na kwa muda gani. Picha piga wakati wa bamvua, yaani maji yanapojaa kupita kawaida, ndo inaonekana wazi maji yanaishia wapi, na wazee waulizeni zamani yalikuwa yanafika wapi, muandike.

Wengine wanaogopa ati mkifika kortini utaulizwa wewe umepata hasara gani. Katiba ibara ya 70 inasema huhitaji kuthibitisha hasara, basi. Lakini anzeni mapema, kesi zinachukua muda kweli. Wakazi wa Owino Uhuru pale Mombasa, waliosumishwa na madini ya risasi (lead) ya kiwanda cha betri, walienda kortini 2016 pamoja na mwanaharakati Phyllis Omido, wakashinda 2020, hukumu ikapinduliwa kwenye rufaa, na Mahakama ya Juu ikawarudishia ushindi Disemba 2024. Miaka yote hiyo na udongo ndo ule ule.

Maji yakirudi msiwe na haraka, mbegu nyingi zinaletwa na mkondo zenyewe. Pakibaki wazi ndo mpande, na si ule mti wenyewe uitwao mkoko kila mahali, mikoko iko aina nyingi! Mlilana ukae mbele baharini, mkoko nyuma yake, mkandaa na mchu upande wa nchi kavu. Na muongee na KFS, shirika la misitu la Kenya, kwanza, mikoko yote ya Kenya ni msitu wa serikali tangu 1932.

Barua ya malalamiko kwa NEMA pelekeni kwa mkono, na msitoke pale ofisini kabla nakala yenu haijagongwa muhuri.