Barua kwa mwanangu: miaka miwili ya kusomea redio

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia hapa Jinja, nami nimeisoma mara mbili kabla ya kushika kalamu. Unauliza kama inafaa kutumia miaka miwili kusomea redio na televisheni, iwe kwa shahada fupi ya vyuo vya Marekani au kwa diploma ya hapa nyumbani, ilhali meneja wa kituo kimoja amekwambia kwamba sauti yako inatosha na unaweza kuanza kazi wiki ijayo.

Sauti yako ni nzuri, wala sisemi hivyo kwa kuwa nilikuzaa. Lakini kazi hii hufanywa zaidi kwa masikio. Nilipoanza kazi redioni mwaka 1987 tulihariri kwa wembe: utepe wa kunasia sauti ulipita kwenye mashine sentimita 19 kila sekunde, hivyo pumzi ya nusu sekunde ilikuwa kipande cha karibu sentimita 10, ukikishika mkononi, ukikikata mshazari na kuunga ncha mbili zilizobaki. Siku moja nilipewa mahojiano ya mzee mvuvi, nikaondoa kila mahali alipotua, nikijiona hodari. Mkuu wangu aliyasikiliza hadi mwisho, akasema mzee huyu anazungumza kama mtu anayekimbizwa, akaniagiza niviokote vipande sakafuni na kuvirudisha kimoja kimoja. Nilimaliza usiku. Tangu hapo nauheshimu ukimya wa msemaji, maana mara nyingi neno lenyewe hutanguliwa nao.

Hicho ndicho unachokwenda kukilipia chuoni: nafasi ya kukosea mbele ya mwalimu kabla ya kukosea mbele ya wasikilizaji. Meneja yule hatakuwa na muda huo. Tangu redio binafsi zilipoanza hapa Uganda mwaka 1993, mara nyingi mtu mmoja hutakiwa kutangaza, kuendesha mitambo na kupokea simu kwa wakati uleule, na hakuna anayesimama nyuma yake kumwonyesha kwa nini sauti inapasuka.

Shahada ile ya Marekani huwa na krediti (vipimo vya uzito wa masomo) zipatazo 60, zikiwemo za masomo ya jumla kama uandishi na hisabati, na anayeimaliza anaweza kuhamia chuo kikuu akaingia mwaka wa tatu. Ila mgeni hulipa ada kubwa kuliko mkazi wa eneo la chuo, na mzigo huo mimi na baba yako hatuuwezi kwa sasa. Diploma ya hapa nayo ni ya miaka miwili, na matokeo yako ya kidato cha sita yanakuruhusu. Hakikisha kozi imeidhinishwa na Baraza la Kitaifa la Elimu ya Juu, kisha uende chuoni mwenyewe, umuulize mwanafunzi wa mwaka wa pili ameshika kamera mara ngapi wiki hii. Ukikuta studio imefungwa kwa kufuli saa nne asubuhi ya siku ya masomo, tafuta chuo kingine.

Meneja umshukuru, umwombe zamu za Jumamosi na Jumapili.

Ukija Desemba, uje na kinasa sauti. Bibi yako bado anakumbuka bwawa la Owen Falls lilivyofunguliwa mwaka 1954. Mrekodi, uyahariri maneno yake yawe dakika tatu, nami nitasikiliza ulipokata.

Mama yako