Muulize Shangazi: Chanjo ni bure, sasa hasara inatoka wapi?

SWALI: Shangazi shikamoo. Mimi nauza mtumba hapa Tanga, nina binti wa miaka 11. Walipita shuleni kwao na ile chanjo ya kansa ya mlango wa kizazi, baba yake akagoma, mi nikanyamaza. Juzi tunasikiliza redio mtu anasema kansa zinazozuilika kwa chanjo zinaitia nchi hasara kubwa, mume wangu akacheka, eti marehemu hali wala havai, hiyo hasara ni ya nani? Nikakosa la kusema.

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwambie mkwe wangu hata wachumi wakikaa kupiga hii hesabu wanaanzia hapohapo kwenye meza yako ya mtumba. Wanauliza huyu mama kafa na miaka mingapi, angefanya kazi mpaka lini, kwa mwaka alikuwa anaingiza shingapi, wanazidisha. Haya na sisi tuzidishe. Tuseme unabaki na elfu 10 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, hiyo milioni 3. Ukiondoka na miaka 45 wakati ungeuza mpaka 60, ni milioni 45 zimezikwa na wewe (wao huzikata kidogo maana hela ya mwaka kesho si sawa na ya leo, ila hata zikikatwa ni nyumba hiyo). Sasa makadirio ya 2020 kwa Tanzania yalikuwa wagonjwa wapya wa kansa hii ya mlango wa kizazi elfu 10 na ushee, vifo kama 6,500 kwa mwaka mmoja, na wengi wao si vikongwe, ni wamama wa umri wa kuhangaika. Zidisha mwenyewe, simu ikigoma usinilaumu.

Na mi hiyo hesabu naiona imepunja. Mionzi inaweza kwenda wiki 5, Jumatatu mpaka Ijumaa, sasa mtu katoka Songea kuja Ocean Road, hospitali ya kansa kule Dar, alale wapi, ale nini, na aliyemsindikiza naye kaacha shamba lake. Biashara imesimama, mkopo wa vikoba haujasimama, afu siku ya msiba waliomdhamini wanaangaliana tu maana deni ni lao. Binti mkubwa yuko nyumbani anamuogesha mama, shule basi tena. Na yule bibi aliyekuwa analea wajukuu ili wanawe waende kazini, kwenye daftari la wachumi mara nyingi anaandikwa sifuri kabisa, kisa hakuwa na mshahara!

Upande wa pili weka chanjo. Mwaka 2013 Gavi, lile shirika la kimataifa linalosaidia nchi maskini kupata chanjo, waliipata kwa dola 4.50 dozi moja, na hata hiyo wewe hulipi, na toka Aprili 2024 wasichana wa miaka 9 mpaka 14 wanachomwa mara moja tu, zamani ilikuwa mbili. Kama kinachomuogopesha mkwe wangu ni yale maneno ya mtaani eti chanjo inazuia uzazi, hii kitu ipo toka 2006, kule Scotland walioanza kuchanjwa 2008 sa hivi ni wanawake wazima, na utafiti uliotoka 2024 haukukuta hata mmoja mwenye hiyo kansa kati ya waliochanjwa wakiwa na miaka 12 au 13. Mpeleke kituo cha afya, huna haja ya kusubiri wapite tena shuleni. Na wewe mwenyewe ukifika hapo omba upimwe mlango wa kizazi, wanaupaka siki wanaangalia, dakika chache umemaliza.

SWALI: Shangazi, na sisi wanaume je? Mimi ni wa 1991, dereva wa bodaboda, Mwanza.

JIBU: Mna ya kwenu, kansa ya ini, na inayochangia sana ni homa ya ini B. Watoto wa sa hivi wanachanjwa wakiwa na wiki 6, 10 na 14, ila Tanzania ilianza 2002, we ulishakuwa na miaka 11 unacheza chandimu. Kapime kwanza, hilo la kwanza kabisa usilipindue, ukikutwa huna unachoma dozi 3, ya pili baada ya mwezi, ya tatu miezi 6 toka ile ya kwanza. Utalipia mfukoni. Ukikutwa nayo usikimbilie miti shamba, rudi kwa daktari akuangalie ini, na mkeo naye apime.