Uliza Fizikia: pendula iliyokwenda mbio, mkokoteni na dafu

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Maabarani nilifunga gololi ya chuma kwa uzi, urefu sm 50, nikaiachilia na kuhesabu inavyokwenda na kurudi hadi 20. Saa ikasoma sekunde 27.0. Nimepiga hesabu mara tatu na kila mara g (mchapuko wa kitu kinachoanguka, yaani kasi yake inavyoongezeka kila sekunde) ni 10.83. Mwenzangu aniambia niandike 9.8 yaishe. Nimekosea wapi? *Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, Changamwe*

JIBU: Marahaba. Usiandike 9.8, maana hiyo 10.83 yenyewe inakutajia kosa. Hesabu zako ni sawa: 27.0 ukigawa kwa 20 ni sekunde 1.35, na kanuni g = 4π²l/T² (l ni urefu katika mita, T ni muda wa kwenda na kurudi mara moja) inatoa 10.83 kweli. Lakini pendula ya sm 50 hapa Mombasa huchukua sekunde 1.42 kwenda na kurudi. Zidisha hiyo kwa 19: unapata 27.0. Ulipoachilia gololi ulisema "moja" badala ya "sufuri", kwa hiyo ulipofika "ishirini" ilikuwa imekwenda na kurudi mara 19 tu. Mara 20 zingekupa sekunde 28.4.

Rudia hivi. Simamisha pini nyuma ya uzi, pale unapotulia wenyewe. Vuta gololi kando, isizidi sm 8, kwa sababu pembe ikipita digrii 10 kanuni hiyo huanza kukosea. Iache ibembee mara mbili tatu, kisha uzi ukipita kwenye pini sema "sufuri" na ubonyeze saa. "Moja" ni pale inapopita tena *ikielekea upande uleule*. Tunatumia pini ya katikati kwa kuwa hapo gololi ina kasi kubwa kabisa na ni rahisi kujua imepita lini. Kule mwishoni inasitasita na jicho linadanganyika.

Urefu nao hupimwa kutoka pale uzi unapobanwa hadi katikati ya gololi. Gololi ya upana wa sm 2 ikiachwa nje ya kipimo, g itashuka kwa asilimia 2 hivi. Bana uzi kati ya vipande viwili vya mbao. Ukiuzungusha kwenye msumari, urefu unabadilika kila inapobembea. Funga dirisha na uzime feni.

Ukifanya urefu wa aina tano, kuanzia sm 30 hadi sm 110, chora T² dhidi ya urefu katika mita. Mteremko uwe karibu na 4.04. Mstari usipopita kwenye sufuri, angalia tena ulivyopima urefu, ingawa mteremko wenyewe hautaharibika.

Na ukipata 9.78, usiinyooshe ifike 9.81. Hiyo 9.81 ni ya mahali kama London. Sisi tuko karibu na Ikweta, ambako Dunia imetuna kidogo na inazunguka kwa kasi zaidi, ndiyo maana g ya Mombasa ni 9.78.

SWALI: Hamali akivuta mkokoteni, nao unamvuta kwa kani (nguvu) ileile. Mbona hawagandi mahali pamoja? *Kidato cha Pili, Kongowea*

JIBU: Kwa sababu kani hizo mbili haziko kwenye kitu kimoja, na kani hufutana zikiwa kwenye kitu kimoja tu. Tuseme mkokoteni na mzigo ni kilo 200, hamali anauvuta kwa nyutoni 160, na msuguano unaurudisha kwa 100. Zinabaki 60, kwa hiyo mchapuko ni 0.3 m/s².

Sasa mtazame hamali peke yake, kilo 60. Mkokoteni unamrudisha nyuma kwa 160. Ili naye apate 0.3 m/s² anahitaji ziada ya nyutoni 18, basi ardhi lazima imsukume mbele kwa 178. Anaipata kwa kusukuma ardhi nyuma kwa mguu. Barabara ikiwa na matope yanayoweza kushika nyutoni 120 tu, atateleza hata awe na misuli ya aina gani. Wengi husahau kuichora kani hiyo ya ardhi, na swali zima huharibikia hapo.

SWALI: Mwanangu ashikilia kuwa dafu huanguka haraka kuliko kitale (nazi changa ambayo haijafikia kuwa dafu) kwa sababu ni zito. Ni kweli? *Mzazi, Likoni*

JIBU: La, mama. Dafu huvutwa kwa kani kubwa zaidi, lakini tungamo lake (wingi wa maada iliyomo, kwa kilo) pia ni kubwa zaidi, na mchapuko unabaki ule ule. Kutoka mnazi wa mita 20 vyote viwili huchukua takriban sekunde 2 na kufika chini vikikaribia kilomita 70 kwa saa. Kuti kavu ndilo huchelewa, kwa kuwa ni pana na jepesi, hewa hulizuia. Mpe karatasi mbili sawa, moja aifinyange iwe kama mpira, aziachilie pamoja. Uzito haujabadilika, lakini iliyofinyangwa itatangulia.