Usikimbilie kubadilisha pampu

Mwenye mashine ya kufulia ni nadra kukuambia kwamba maji hayatoki. Atasema, "Fundi, mashine haikamui," au "nguo zinatoka zimelowa chapachapa." Wewe unayeanza kazi hii, ukisikia hivyo usianze kuwaza mota wala mkanda. Mashine nyingi za kujiendesha haziruhusu ngoma izunguke kwa kasi wakati bado kuna maji ndani. Kwa hiyo piga tochi kwenye kioo cha mlango kwanza. Maji yakionekana, umeshajua kazi yako iko wapi.

Kosa ninaloliona kwa mafundi wapya, nami nililifanya, ni kuona maji yamesimama na kuagiza pampu palepale. Katika mwaka wangu wa kwanza nilifunga pampu mpya kabisa, nikawasha, ikaunguruma vizuri, na maji yakabaki vilevile. Nikarudi chini ya mashine nikafungua mpira mnene unaotoka kwenye tangi kuingia kwenye pampu. Nilipouminya kwa vidole nikahisi kitu kigumu kidogo. Ilikuwa soksi ya mtoto mchanga, imejiviringisha kama kizibo, imeota utelezi wa kijivu wa sabuni. Nikairudisha pampu ya zamani, maji yakatoka kwa kishindo. Mwenye mashine alikuwa ameshalipia kifaa asichokihitaji, nikamrudishia fedha yake. Tangu siku hiyo sigusi pampu kabla sijaifuata njia nzima ya maji: tangi, mpira mnene, kichujio, pampu, mpira wa kutolea, mpaka pale maji yanapoingia kwenye bomba la ukutani.

Anza kwa masikio. Weka mashine kwenye hatua ya kutoa maji na usogeze kichwa karibu na kona ya chini ya mbele, ambako pampu hukaa katika mashine nyingi za mlango wa mbele. Ukisikia mngurumo mzito usiosukuma chochote, kuna kitu kimebana feni ya pampu. Ukisikia inazunguka kwa wepesi na maji hayaendi, tazama mipira, au feni imekatika kwenye mhimili wake. Kimya kabisa maana yake umeme haufiki, au koili, yaani waya uliosokotwa ndani ya mota ya pampu, imekufa. Namba ya hitilafu kwenye skrini ya mashine haikupi haya yote. LG huandika OE, Samsung 5E au 5C, Bosch E18, Electrolux E20, lakini zote zinasema jambo lilelile: muda uliopangwa umepita na maji hayajaisha. Hazisemi pampu imekufa. Wengi husoma namba kama hukumu, na hapo ndipo fedha za watu zinapopotea.

Sasa chomoa plagi. Kuzima kwa kitufe hakutoshi. Kisha uliza mashine ilikuwa inafua kwa joto gani, maana maji ya nyuzi 60 au 90 yaliyokwama ndani yatakuunguza mkono ukifungua kichujio kwa pupa. Kama kioo cha mlango kina moto, subiri. Mweleze mwenye nyumba kwa nini unasubiri.

Ukifungua kile kidirisha kidogo cha chini mbele ya mashine, kinachofunika kichujio, mara nyingi utakuta mpira mwembamba wenye kizibo pembeni ya kichujio. Huo umewekwa kwa ajili yako: uvute, uuelekeze kwenye beseni la chini, utoe kizibo. Usipokuwepo, legeza kichujio robo mzunguko, acha maji yatoke, kaza, mwaga beseni, rudia. Ndoo haifai hapa kwa sababu haiingii chini ya kidirisha, na maji yaliyobaki ndani yanaweza kuzidi lita kumi. Kichujio kikitoka, usitosheke kukiosha. Sarafu, vifungo, pini za nywele na waya wa sidiria hupenda kulala nyuma yake, kwenye tundu lenyewe.

Hapo ndani utaiona feni ndogo ya pampu. Izungushe kwa kidole, na hapa nawaomba muwe watulivu, kwa sababu mafundi wengi wapya huikosea. Feni haizunguki laini kama gurudumu. Huruka kwa hatua, kana kwamba kuna kitu kinaishika na kuiachia, halafu ina nafasi ya kucheza kidogo kabla ya kushika. Hiyo ni sumaku iliyo ndani ya mota, na ni dalili ya uzima. Pampu hizi pia zinaweza kuanza kuzunguka upande wowote, kwa hiyo usishtuke ukiona leo inakwenda kulia na kesho kushoto. Ubaya ni feni inayozunguka bila kushikwa popote, inayotikisika kwenye mhimili, au iliyokwama kabisa hata baada ya kuondoa nywele na nyuzi zilizojisokota shingoni mwake.

Kama feni ni nzima na tundu ni safi, fungua mpira mnene wa kutoka kwenye tangi. Ni kazi ya kuinamia na kuchafuka, ndiyo maana watu huiruka. Usiiruke. Kisha nenda nyuma ya mashine. Mpira wa kutolea maji hukunjika mtu anapoisukuma mashine ukutani, na mkunjo ukikaa muda mrefu mpira hauinuki tena wenyewe. Uchomoe, upulize au upitishie maji. Kama umeunganishwa chini ya sinki na mashine ndiyo kwanza imefungwa, tazama kile kichomozo kinachopokea mpira: vingi huja kutoka kiwandani vikiwa vimezibwa kwa utando wa plastiki unaopaswa kukatwa, na aliyefunga huenda alisahau. Hapo kisu kidogo kinamaliza kazi yote.

Urefu nao una neno. Mashine nyingi hutaka mpira upandishwe kati ya sentimita 60 na 100 kutoka sakafuni. Ukiwa juu mno pampu inachoka; ukiwa chini, maji hujivuta yenyewe na mashine inajaza huku inamwaga bila kukoma. Ncha ya mpira isizame sana ndani ya bomba, na nafasi iliyobaki pembeni isizibwe, hewa ipite.

Ukiikuta ngoma imejaa povu hadi juu, usifungue chochote. Pampu inasukuma maji, povu haiwezi. Acha litulie, suuza bila sabuni, kisha mwonyeshe mwenye mashine kipimo kinachomtosha.

Kuna na ile ya kinyume: maji yameisha lakini pampu haiachi kuunguruma na ngoma haikamui. Hapo mashine inadanganywa. Kuna mpira mwembamba wa hewa unaopanda kutoka chini ya tangi hadi kwenye swichi ya kupima kiwango cha maji. Ukizibwa na ukoko wa sabuni, hewa hunaswa juu na swichi inaamini tangi bado limejaa. Uchomoe kwenye swichi, usafishe pamoja na chemba yake ya chini.

Baada ya yote hayo ndipo mita ya kupimia umeme itoke kwenye mkoba. Plagi ikiwa nje, chomoa waya za pampu, upime koili. Kwa pampu za volti 220 hadi 240 mara nyingi utasoma kati ya omu 100 na 200. Mita isiposoma kitu, koili imekatika, na sasa una haki ya kuagiza pampu. Mwenye mashine akikuambia mzigo wa kwanza hufua vizuri na wa pili hugoma, pima pampu ikiwa imepata moto, maana nyingi zina kinga ya joto inayokata na kurudi ikipoa. Koili nzima lakini pampu kimya ni habari ya waya au bodi, yaani sakiti inayoiongoza mashine. Kama hujazoea kupima kwenye umeme hai, mwite anayejua.

Mashine za mlango wa juu ni hadithi fupi zaidi. Nyingi hazina pampu, maji hushuka kwa uzito wake kupitia vali. Kwenye zile za ngoma mbili, vali huvutwa kwa kamba au ukanda uliounganishwa na kitufe. Ukilegea, vali haiinuki. Tazama pia kama kuna uzi au kifungo kilichokaa kwenye mdomo wa vali.

Ukimaliza, panguza sakafu iwe kavu, tia maji, yatoe, ikamue. Kisha pitisha karatasi kavu chini ya kichujio. Ikitoka na unyevu, fungua tena, safisha mpira wa duara wa kifuniko, kaza kwa mkono, na upitishe karatasi nyingine.