Kwa Anayekwenda Kutafiti Viazi Milimani Cusco

Mtafiti mgeni anayekwenda kukaa kwa miezi michache katika kijiji cha wakulima wa viazi huko Cusco, nchini Peru, aghalabu huandaa dodoso lake kwa makini akasahau kalenda ya shamba. Mimi nilifika mwezi Januari, katikati ya masika yao, nikakuta matope na mashamba yaliyofunikwa majani, ilhali viazi vyenyewe huvunwa zaidi kati ya Aprili na Juni. Ikiwa muda wako ni mfupi, uombe uangukie mavuno.

Kuhusu mwinuko sitasema mengi: mji wa Cusco uko takribani meta 3,400 juu ya usawa wa bahari na mashamba mengi yako juu zaidi, kwa hiyo pumzika mjini siku kadhaa kabla ya kupanda, na chai ya majani ya koka usiikatae.

Kihispania pekee hakitakufikisha mbali, kwa kuwa wazee wengi, hasa akina mama ambao ndio hasa watunzaji wa mbegu, husema mambo yao ya ndani kwa Kiquechua, lugha ya wenyeji wa huko milimani. Jifunze mapema kumwita mama mtu mzima «mamay» na mzee wa kiume «taytay». Kwa sisi tuliolelewa kumwamkia mkubwa kabla ya kumweleza shida, hilo si gumu.

Dodoso langu lilianza kwa kuuliza kila kaya ina aina ngapi za viazi, na mama mwenyeji wangu akajibu, «Nyingi,» akaendelea na kazi. Sisi tuliozoea kwenda sokoni na kutaja Shangi na majina mengine machache hatuwezi kukisia wingi huo. Majina yalianza kutajwa mwezi Mei, nilipoketi naye chini kuchambua mbegu. Alinipa kisu na kiazi chenye vifundo vingi kama koni ya msonobari, akaniambia nikimenye, na nilipokwisha kupoteza nusu ya nyama yake kwenye maganda akacheka mpaka akafuta machozi. Kiazi hicho huitwa «qhachun waqachi», yaani kinachomliza mkaza mwana, kwa sababu husemwa kwamba bibi harusi alipimwa kwacho. Tangu siku hiyo niliuliza majina mikono ikiwa kazini tu.

Usikimbilie kulipa fedha kwa kila msaada. Nililipa mara moja, na noti zikarudishwa mezani bila neno, kwa kuwa kwa utaratibu wa ayni kazi hulipwa kwa kazi; nilichodaiwa ni siku moja ya kugeuza madongo nyuma ya wanaume wawili waliokuwa wakilima kwa chakitaqlla, jembe la kukanyagia kwa mguu. Mgongo uliniuma siku tatu, lakini baada ya hapo milango ilifunguka.

Kabla ya kuchukua hata kiazi kimoja cha sampuli, omba idhini ya mkutano wa jumuiya, kwani tangu 2002 Peru ina sheria namba 27811 inayolinda maarifa ya pamoja ya watu wa asili kuhusu rasilimali za kibiolojia. Na orodha yako irudishe kijijini kabla hujaondoka. Yangu niliisoma kwa sauti jikoni. Mama mwenyeji akasahihisha majina manne, kisha akataja la tano ambalo katika miezi yote ile sikuwahi kulisikia.