Dada wa Bahi, futa hiyo milioni 15 kabla hujatuma andiko

Umetuandikia kwamba kikundi chenu cha ngoma huko Bahi, Dodoma, kinaandika andiko, yaani maombi ya ruzuku kwa mfadhili, la kurekodi nyimbo za jando na kufanya tamasha la vijiji sita. Hiyo milioni 15 mliyoiweka kwenye mstari wa "mchango wa kikundi" katika bajeti itoe leo, mengine yatafuata. Umeuliza mambo matatu: wafadhili gani wanagusa ngoma za Kigogo, kama cheti cha BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) kinatosha, na kama mumlipe mshauri aliyewatengenezea bajeti. Halafu katikati ya maelezo ukapitisha kama jambo dogo kwamba mshauri kawaambia "jazeni asilimia 20 yenu, hakuna anayefuatilia". Dada yangu, balaa lote liko hapo.

Wanafuatilia. Ila hawafuatilii mwanzoni, wakati bado mna nafasi ya kurekebisha. Wanafuatilia mwishoni, hela imeshatumika, video zimeshapigwa na kina mama wa muheme, ile ngoma ya wanawake wa Kigogo, wamesharudi mashambani.

Chukua hesabu zenu zilezile ulizoweka hapa. Mradi mzima milioni 75. Mfadhili milioni 60, yaani asilimia 80. Kikundi milioni 15, asilimia 20. Fedha za mfadhili zinakuja kwa awamu tatu: milioni 30 mkisaini, 18 katikati, 12 baada ya taarifa ya mwisho kukubaliwa. Mnaposoma hapo mnaona milioni 60 ni zenu. Si zenu. Fungua masharti ya jumla ya mkataba, yale maandishi madogo ambayo mshauri hakuwasomea, utafute kipengele cha malipo ya mwisho. Mikataba ya namna hii inasema mfadhili atalipa asilimia 80 ya gharama halisi zilizokubaliwa, na kwamba kiasi hicho hakitazidi milioni 60. Alichowaahidi ni asilimia. Milioni 60 ni kikomo tu.

Sasa mradi umeisha. Milioni 15 yenu haikupatikana kwa sababu haikuwahi kuwepo. Mmetumia milioni 60: 48 zilizoingia kutoka kwa mfadhili, na 12 mmekopeshwa huduma na fundi wa kurekodi, mwenye jukwaa na vipaza sauti, na mwenye gari, wote mmewaambia wasubiri awamu ya mwisho. Mkaguzi anakuja, anajumlisha, anapata gharama halisi milioni 60. Asilimia 80 ya 60 ni 48. Mmeshapokea 48. Awamu ya mwisho inakuwa sifuri, na lile deni la milioni 12 linabaki mlangoni kwenu.

Hapo nimechukulia kwamba kila risiti iko safi. Mkaguzi akikataa milioni 5 tu, labda posho zilizolipwa bila saini au mafuta yaliyonunuliwa bila risiti ya EFD, gharama zinazokubalika zinashuka hadi 55. Asilimia 80 yake ni 44. Mmepokea 48. Mnaandikiwa barua ya kurudisha milioni 4, huku fundi wa kurekodi bado anawapigia simu. Vikundi vya ngoma vimekufa kwa barua ya namna hii. Hakuna aliyeiba hata shilingi, ila viongozi hawaaminiwi tena kijijini na jina limeharibika kwa mfadhili.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, na nitairudia mpaka mnichoke: HAKUNA KARATASI, HAKUNA TARAKIMU. Kila shilingi ya mchango wenu iwe na karatasi yake mkononi kabla andiko halijatumwa. Isiwe ahadi ya mdomo, isiwe "mheshimiwa alisema atatusaidia".

Tuivunje hiyo milioni 15 kama mlivyoiandika.

Halmashauri milioni 7. Mna nini mkononi? Umesema mna barua ya Afisa Utamaduni ya kuunga mkono mradi. Ni barua nzuri, iambatisheni, lakini haina hela ndani yake. Afisa Utamaduni hana mamlaka ya kuahidi fedha za halmashauri. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, na bajeti inapitishwa na madiwani miezi kadhaa kabla ya hapo. Kama mradi wenu haumo kwenye kasma yoyote, yaani fungu lolote, la bajeti inayoendelea, hata Mkurugenzi mwenye nia njema hawezi kuwatolea. Karatasi inayohesabika ni barua ya Mkurugenzi Mtendaji inayotaja kiasi, kasma na mwaka wa fedha. Bila hivyo vitatu, andika sifuri.

Ukumbi na vyombo milioni 5. Ukumbi wa kijiji siku 4 kwa Sh 50,000 ni Sh 200,000, sawa. Mnachotakiwa kuwa nacho ni barua ya Mtendaji wa Kijiji yenye kumbukumbu namba, tarehe za matumizi, bei ambayo watu wengine hulipa, maneno kwamba ninyi mnapewa bure, saini na mhuri. Spika na mikisa mmeziandika Sh 4,800,000, ambayo ni bei mliyonunulia. Haikubaliki hivyo. Kinachohesabika ni matumizi yake ndani ya mradi. Mkichukua kwamba vyombo vinadumu miaka 5, ni miezi 60, gawanya, unapata Sh 80,000 kwa mwezi. Vitatumika miezi 3, kwa hiyo Sh 240,000. Tena muwe na risiti ya manunuzi, na vyombo visiwe vilinunuliwa kwa ruzuku ya mfadhili mwingine.

Nguvukazi milioni 3: kina mama 20, siku 15, Sh 10,000 kwa siku. Huu ni mchango wa kweli na unaniuma kuusema vibaya, kwa sababu mama anayeacha shamba lake kuja kumfundisha binti kupiga muheme anatoa kitu cha thamani. Lakini wafadhili wengi, hasa inapokuwa fedha ya Umoja wa Ulaya, hawauhesabu mchango wa vitu na muda kuwa ni mchango wa fedha mpaka tangazo la mfadhili la kukaribisha maombi liseme wazi kwamba unaruhusiwa. Someni tangazo. Likiruhusu, kila siku iwe na daftari lake: jina, saa ya kuingia na kutoka, kazi iliyofanyika, saini au dole gumba. Daftari lililojazwa kwa kalamu moja na mwandiko mmoja siku ya mwisho, mkaguzi analijua akilitazama tu.

Jumlisheni sasa. Kati ya milioni 15, inayoweza kupata karatasi ni Sh 440,000 ya ukumbi na vyombo, na milioni 3 ya nguvukazi; ukumbi wa bure na nguvukazi vinahesabika tu ikiwa tangazo linaruhusu. Jumla Sh 3,440,000. Ikiwa hiyo ndiyo asilimia 20, mradi wenu wa leo ni wa milioni 17 na laki 2, na mfadhili mnamwomba Sh 13,760,000. Najua inauma ukitoka kwenye 75. Lakini rekodi za vijiji viwili zilizolipiwa zote ni bora kuliko tamasha la vijiji sita lililofanyika kwa deni.

Mkitaka kiasi kikubwa zaidi, njia zipo za halali. Kama tangazo halidai mchango, andikeni sifuri, kuna wafadhili wanaogharamia mradi mzima. Au tafuteni mshirika mwenye fedha zake, aingie kwa barua yenye kiasi. Au wekeni akiba: vikundi vya Dodoma vinaitwa sana kwenye hafla za serikali na harusi, malipo yale yapitie benki kwenye akaunti ya kikundi, muhtasari wa kikao useme kiasi fulani kimetengwa kwa mradi, na taarifa ya benki ndiyo karatasi yenu. Ila mkopo msiuite mchango bila kujua mtaulipa na nini. Ile asilimia 10 ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ni mkopo, na Mfuko wa Utamaduni na Sanaa nao unakopesha. Marejesho hayawezi kutoka kwenye ruzuku.

Na huyo mshauri. Aliyekishauri kikundi chetu sisi alisema maneno hayohayo, kwa sauti ya mtu anayejua, na siku mkaguzi anafika simu yake haikupatikana. Nina hasira na watu hawa na sitaificha. Wanauza bajeti moja kwa vikundi kumi, wanabadilisha jina la wilaya tu. Umesema anataka asilimia 10 mkishinda. Asilimia 10 ya milioni 60 ni milioni 6. Italipwa kutoka wapi? Gharama za kuandaa andiko zimetokea kabla ya mkataba, na kilichotumika kabla ya tarehe ya kuanza mradi hakikubaliki. Kwa hiyo atawaambia muifiche kwenye mstari wa "uratibu", mtu asiyefanya kazi asaini malipo ya kila mwezi, na hapo mmetoka kwenye kosa la hesabu mmeingia kwenye udanganyifu. Jina litakalokuwa kwenye mkataba ni la mwenyekiti wenu, la kwake halimo. Mkihitaji msaada wa kuandika, mlipeni mtu bei maalumu kutoka mfukoni mwa kikundi, kwa makubaliano ya maandishi, awape na jedwali la bajeti lenye maelezo ya kila mstari: bei imetoka wapi, mara ngapi, kwa nini. Akishindwa kuwaeleza mstari mmoja kwa mdomo, hajautengeneza yeye.

Kuhusu BASATA: cheti kinawatambua kama kikundi cha sanaa, na mnakihitaji. Lakini wafadhili wengi wanataka taasisi inayoweza kushtaki na kushtakiwa, yenye hesabu zilizokaguliwa. Kama hamna, ingieni kama washirika wa NGO iliyosajiliwa, kwa mkataba wa maandishi unaosema hela inakaa akaunti gani, nani anasaini, wanakata asilimia ngapi, na rekodi za nyimbo ni mali ya nani. La mwisho lisisahaulike. Na NGO hiyo ikipokea zaidi ya milioni 20, Kanuni za NGO za mwaka 2018 zinataka mkataba wa ufadhili uwasilishwe Hazina na kwa Msajili wa NGO ndani ya siku 10 baada ya kusaini.

Wafadhili, kwa ufupi: angalieni dirisha, yaani aina ya miradi ambayo mfuko unagharamia, kabla ya kiasi. Mfuko wa UNESCO wa Uanuwai wa Utamaduni unafika dola 100,000, lakini uko chini ya Mkataba wa UNESCO wa 2005 na unaangalia sera na biashara za ubunifu. Kurekodi nyimbo za jando ili zisipotee ni jambo la urithi usioshikika, na hilo lina mkataba wake wa 2003. Mkipeleka andiko la urithi kwenye dirisha la biashara, litakataliwa hata kama bajeti ni safi.

Narudi kwenye bajeti, maana kuna mstari mwingine hamna kabisa: kodi ya zuio. Mkimlipa fundi wa kurekodi Sh 2,000,000, mnazuia asilimia 5, yaani Sh 100,000, mnaipeleka TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha, yeye anapokea Sh 1,900,000. Mwambieni kabla ya kukubaliana bei, la sivyo atadai milioni 2 kamili mkononi na ile laki moja mtaibeba ninyi. Mwekeeni mkaguzi wa hesabu mstari wake pia, na makato ya benki. Na mafunzo msiyapange Januari hadi Machi. Watu wako mashambani na barabara za Bahi mnazijua mvua ikishika, mtashindwa kutumia hela ndani ya muda wa mkataba, na kilichotumika nje ya muda nacho kinakatwa.

Umesema dirisha la kupokea maombi linafungwa Ijumaa. Kesho asubuhi nendeni kwa Mtendaji mkachukue barua ya ukumbi, msimame hapohapo mpaka apige mhuri. Kisha nendeni ofisi ya Mkurugenzi mkaulize swali moja tu: hii milioni 7 iko kasma gani? Barua ambayo haijafika mikononi mwenu hadi Alhamisi jioni, mstari wake utoke kwenye bajeti, na kiasi mnachoomba kishuke pamoja nao.